QUIC inazingua? Koneksheni zinazokufa kimya na strimu zinazoganda: dalili, sababu, na cha kufanya

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kwa simu. Niko Kigoma, Mwanga, nina kiapu changu cha kurekodi mizani ya dagaa pale Kibirizi, simu za makarani zinaongea na seva kwa QUIC badala ya TCP (zote ni njia za kusafirisha data kwenye intaneti, TCP ndo ya zamani), na tangu vijana wengine wa hapa mjini na Kasulu waanze kujenga vya kwao kwa mtindo huohuo kila wiki mtu ananipigia na tatizo, na ukiyachambua hayo matatizo yako saba nane tu, yanazunguka.

Karibu yote yana mzizi mmoja. Mtandao haujafa. Kilichotokea ni upande mmoja umeshafunga, au umeshasahau, alafu mwenzake hana habari. Kwa hiyo kwa kila dalili hapa chini swali la kwanza ni nani kafunga, na je mwenzake anajua?

Kwa anayeanza: QUIC iko kwenye RFC 9000 ya Mei 2021 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), inapita juu ya UDP (kutuma paketi moja moja bila kuhakikisha zimefika), ulinzi wa TLS 1.3, yani kusimba data kwa siri, uko humohumo ndani, na HTTP/3, lugha ya tovuti toleo la tatu, imejengwa juu yake. Koneksheni ichukulie kama boti la kutoka Kibirizi kwenda Kagunga, strimu ni mizigo ya watu tofauti ndani ya boti hilo. Gunia la mama mmoja likichelewa kushushwa haliwazuii wengine kubeba ya kwao, tofauti na TCP ambayo ni foleni moja, wa mbele akikwama wote mmekwama. Ila boti likizama hakuna cha mzigo wa nani, yote imeenda.

Kabla hujagusa kitu

Usizime na kuwasha kwanza. Najua ndo tulivyozoea, lakini hali ya koneksheni inakaa kwenye memori, ukizima umefuta ushahidi. Andika saa tatizo lilipotokea, simu ilikuwa wifi au bando, skrini ilikuwa imezima kwa muda gani, na nani alituma wa mwisho. Alafu kwenye seva:

`ss -ulnp | grep 443`

`tcpdump -ni any udp port 443`

Ya kwanza inakuambia kama kuna programu inasikiliza UDP kwenye mlango 443, ule wa tovuti salama, ya pili inakuonyesha paketi za simu zinafika au hazifiki. Ndani ya paketi huoni kitu maana zimesimbwa kwa siri, lakini kujua tu kama zinafika ni nusu ya kazi. Kama laibrari yako ya QUIC inaweza kutoa qlog (logi ya matukio ya QUIC) iwashe, humo fremu, yani vijumbe vilivyo ndani ya paketi, zinaonekana kwa majina yake.

Dalili ya 1: Haiungi kabisa, inazunguka mpaka inakata tamaa

Sababu inayoongoza kwa mbali ni UDP kufungwa njiani. Mtu kafungua 443 kwa TCP peke yake, akaingia kwenye tovuti yake kwa brauza ikaja vizuri, akajua mambo safi, kumbe brauza imerudi TCP kimyakimya bila kumwambia. Kwenye ufw (fayawoli ya Linux) andika `ufw allow 443/udp`, na kama seva ni ya kukodi kumbuka kuna fayawoli nyingine kwenye paneli ya waliokukodisha, nayo inataka mstari wake wa UDP. Ili usidanganywe na brauza tumia `curl --http3-only`, kama curl yako imejengwa na HTTP/3, hiyo hairudi TCP hata iweje. Wifi za maofisini na za nyumba za wageni nyingi zinazuia UDP, kwa hiyo jaribu na bando ulinganishe kabla hujaanza kubomoa seva.

Inayofuata ni seva kutosikiliza. Nginx (programu ya seva ya tovuti) ina HTTP/3 kuanzia toleo 1.25.0 la 2023, ila lazima uweke `listen 443 quic reuseport;` pembeni ya ile `listen 443 ssl;`, moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Alafu saa ya simu. Hii usiidharau, simu ikiisha chaji kabisa zingine zinaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, simu inakataa. Nilishamaliza asubuhi nzima nikihangaika na seva kumbe simu ya karani inaamini tuko 2015.

Ya nadra zaidi ni pande mbili kutokubaliana protokali ya juu (mmoja anasema `h3` mwingine bado anasema `h3-29` ya zamani, kosa linakuja 0x178), na ya nadra kabisa ni njia nyembamba: paketi ya kwanza ya mteja inatakiwa ijazwe ifike angalau baiti 1200, sasa mtu mwenye VPN juu ya VPN inaweza isipite. Zima VPN ujaribu.

Kama simu yenye laini ya mtandao huu inaunga na ya mtandao ule haiungi, papo hapo, seva ileile, acha kugusa seva. Hilo ni la kampuni ya simu, nenda mwisho nimeeleza uwapelekee nini.

Dalili ya 2: Ukikaa kimya dakika kadhaa inakufa, lakini apu inasema bado imeunganishwa

Hii ndo mama yao. Karani wangu saa kumi na mbili asubuhi vipe (boti za wavuvi wa dagaa) vimeingia, anapima ndoo tatu, anatumbukiza simu kwenye mfuko wa plastiki anashika mizani, dakika nne baadae anaitoa. Juu kuna kidoti cha kijani. Bei mpya niliyotuma kutoka seva haijafika, na haitafika.

Mara nyingi mkosaji ni NAT. Simu yako kwenye bando haina anwani yake ya intaneti, mnashare wengi, na mtambo wa kampuni ya simu una daftari lake: mlango fulani ni wa simu fulani. Mkikaa kimya anafuta mstari wenu. RFC 4787 ya 2007 inataka asifute kabla ya dakika 2 kwa UDP, lakini huku mtaani wengi wanafuta mapema zaidi, na RFC 9000 yenyewe inasema ukitaka vifaa vingi vya njiani visikusahau tuma kitu kila sekunde 30. Hata Linux ikiwa ndo rauta, kwa kawaida yake inahifadhi UDP ya upande mmoja sekunde 30, na ambayo imeshajibizana sekunde 120.

Sasa sikiliza hapa, ndo watu wengi wanapopotea. Mstari ukifutwa na SIMU ndo ya kwanza kutuma, hamna neno, mtambo unaandika mstari mpya na mlango mpya, seva inaona paketi kutoka mlango mgeni lakini namba ya koneksheni ileile, inahakikisha kidogo, mnaendelea. Tatizo ni pale SEVA ndo yenye la kusema. Inatuma kwenye mlango ambao haupo tena, inatuma tena, hakuna anayepokea. Kwa hiyo kuweka seva ipige PING (fremu ndogo ya kuulizia kama mwenzako yupo) ukidhani umetibu ni kumpigia mtu aliyebadilisha laini. Anayetakiwa kupiga ni simu, kutoka ndani kwenda nje, kila sekunde 20 au 25.

Ila usiweke hiyo saa 24, utamaliza betri ya watu wakakulaani. Mimi PING inaanza pale karani anapofungua zamu na inazima akifunga. Nje ya hapo naiacha koneksheni ife, ikihitajika inafunguliwa mpya.

Sababu ya pili ni `max_idle_timeout`. Kila upande unatangaza wa kwake na inayotumika ni ndogo kati ya hizo mbili, kwa hiyo unaweza kuandika dakika 10 kwenye seva na kila kitu kikafa kwa sekunde 30 kwa sababu laibrari ya simu imesema 30. Ikifika muda kila mmoja anatupa koneksheni kimya, haitumwi fremu ya kuaga, ndo maana logi haina kosa lolote. Na angalia vipimo: kwenye waya hiyo namba ni milisekunde. Kuna mwenzetu aliandika 30 akidhani sekunde, akanipigia kwamba QUIC ni mbovu.

Ya tatu, Android kuanzia toleo la 6 ikiona simu imetulia inafungia apu za nyuma mtandao. Hapo hata PING haitoki. Usishindane nayo, ujumbe unaotakiwa kufika simu ikiwa imelala upitishe kwenye huduma ya notifikesheni ya mfumo, alafu apu ikiamka isiamini kile kidoti cha kijani, itume PING na isiposikia jibu ndani ya sekunde mbili tatu ifungue koneksheni mpya.

Angalizo moja hapa. Kufungua upya kwa haraka kuna ile 0-RTT, unatuma data kabla ya salamu kuisha. Tamu, lakini data hiyo mtu wa njiani anaweza kuirudia kwa seva. Kuulizia bei sawa. Kurekodi kilo za mtu usithubutu, ndoo moja itaingia mara mbili na ugomvi wa pale ufukweni hautaki mimi wala wewe.

Dalili ya 3: Seva ikizimwa na kuwashwa, simu zinabaki zinasubiri sekunde 30 au zaidi

Seva ikiwaka upya haikumbuki koneksheni hata moja. Simu inaendelea kutuma kwenye koneksheni ya marehemu. QUIC ina dawa, inaitwa stateless reset: seva ikipokea paketi isiyoijua inarudisha paketi ambayo baiti 16 za mwisho ni tokeni, simu ikilinganisha na tokeni iliyopewa mwanzo zikifanana inajua basi imekwisha, inafungua mpya muda huohuo.

Isipofanya kazi, angalia ufunguo. Tokeni inatengenezwa kutokana na ufunguo wa siri wa seva, na ufunguo ukibadilika kila ikiwashwa basi tokeni mpya haifanani na ya zamani, simu inaitupa kama takataka inaendelea kusubiri taimauti. Nginx usipoweka `quic_host_key` inajitengenezea ufunguo wa kubahatisha kila ikirilodi. Mimi hili lilinila miezi, nilikuwa narilodi mchana wa soko alafu nashangaa kwa nini simu zote zinaganda kwa pamoja. Weka faili, iwe na ruhusa ya mwenye seva peke yake, maana atakayelipata anaweza kukata koneksheni za watu.

Sababu nyingine ni programu kuuawa bila kuaga. `kill -9` haitoi nafasi ya kutuma CONNECTION_CLOSE, ile fremu ya kuaga. Ipe programu ishara ya kawaida, kwenye HTTP/3 itume GOAWAY kwanza kwamba haipokei maombi mapya, imalize yaliyomo, ndo ifunge. Na mimi marekebisho makubwa nayasubiri mbalamwezi, siku ambazo watu hawaendi ziwani, hapo hata ukiharibu unaharibu peke yako.

Dalili ya 4: Inafanya kazi vizuri, ikifika kama maombi mia hivi haifungui tena

Nikisikia "ikifika mia" sihitaji kuona programu yako. Strimu zinavuja.

Kila upande unampa mwenzake ruhusa ya strimu ngapi anaweza kufungua, na laibrari nyingi zinaanza na 100 au karibu na hapo. Namba inayotumwa kwenye fremu ya ruhusa hiyo, MAX_STREAMS, ni jumla tangu mwanzo, sio zilizo wazi sasa hivi. Ikifungwa moja kabisakabisa ndo mwenye ruhusa anaongeza jumla iwe 101. Zisipofungwa haongezi, na wewe ukiomba ya 101 unasubiri milele, hakuna kosa, hakuna kukata, kimya.

Hakikisha kwa kuangalia namba za strimu kwenye logi. Zile za pande mbili zinazofunguliwa na mteja zinaenda 0, 4, 8, 12, zinaruka nne nne kwa sababu biti mbili za mwisho zinaonyesha nani kafungua na ni ya njia moja au mbili. Kwa hiyo ya mia ni 396. Ukiona ya mwisho ni 396 alafu fremu za STREAMS_BLOCKED (nimeishiwa ruhusa ya strimu) zinafuatana, umeshapata jibu, kunywa chai.

Sasa kwa nini hazifungwi. Strimu ya pande mbili ni barabara mbili, kila moja inafungwa kivyake. Kosa la kawaida kabisa: umeita Close ukajua umemaliza. Kwenye quic-go (laibrari ya QUIC ya lugha ya Go), kwa mfano, Close inafunga upande wako wa kuandika tu, upande wa kusoma bado uko wazi mpaka usome hadi mwisho uione FIN (alama ya mwisho) ya mwenzako, au umwambie sitaki tena, yani CancelRead, ambayo inatuma STOP_SENDING. Kosa la pili ni kusoma baiti ulizozitaka ukaondoka, jibu lilikuwa baiti 40 umesoma 40, FIN imekuja nyuma yake hujaisoma, strimu inahesabika haijaisha. Soma mpaka uambiwe mwisho. Kosa la tatu ni njia ya makosa: ikitokea hitilafu katikati programu inarudi juu bila kufunga chochote, kwa hiyo siku ya mtandao mzuri huoni tatizo, siku ya mvua strimu zinavuja kumi kumi na saa nne asubuhi apu imekwama.

Kupandisha kiwango kutoka 100 hadi 10000 sio tiba. Umehamisha tatizo kutoka saa nne asubuhi kwenda saa kumi jioni, na umeruhusu mtu mmoja mwenye nia mbaya afungue strimu 10000 kwenye memori yako.

Dalili ya 5: Nimefungua strimu, upande wa pili hauioni

Umeandika kitu? Kufungua strimu peke yake hakutumi chochote kwenye waya, mwenzako anaijua siku baiti ya kwanza ikifika. Kama wewe umefungua unasubiri yeye aanze kuongea, mtasubiriana mpaka taimauti. Andika hata baiti moja. Imeisha hiyo.

Dalili ya 6: Rekodi ya mwisho inapotea

Karani kapima ndoo 41, seva ina 40. Inayopotea siku zote ni ya mwisho.

Angalia kwanza kama unafunga koneksheni mara tu baada ya kuandika. CONNECTION_CLOSE haisubiri mtu, inaua strimu zote hapohapo, na kilichokuwa kwenye bafa (memori ya kusubiria) hakijatoka au kimetoka kikapotea njiani hakitumwi tena. Mpangilio ni huu: andika, funga strimu kwa FIN, subiri seva ijibu kwamba imeandika kwenye databesi, ndo ufunge koneksheni. Msijidanganye na ACK, ile taarifa kwamba paketi imepokelewa. ACK inasema paketi imefika kwenye mlango wa protokali, haisemi mwenye nyumba kaiona. Risiti ni lazima itoke kwenye programu yako mwenyewe.

Pili, angalia kama unatumia RESET_STREAM kama njia ya kufunga. FIN ni "nimemaliza", reset ni "nimeghairi", na mpokeaji wa reset ana haki ya kutupa hata alichokwisha kupokea. Kuna laibrari ambazo ukiachia strimu bila kuifunga vizuri zenyewe zinatuma reset, soma maelezo ya kwako.

Tatu, programu kutoka haraka. Baada ya kufunga, koneksheni inabaki muda kidogo, angalau mara tatu ya ule muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, ili paketi zilizochelewa zijibiwe kwamba tumeshafunga. Ukiizima programu papo hapo na ile CLOSE ikapotea njiani, mwenzako anarudi kule kwenye dalili ya 2.

Dalili ya 7: Strimu zipo wazi lakini hakuna kinachosogea

Dirisha ni kiasi cha baiti mwenzako anachokuruhusu utume kabla hajasoma, na yako mawili, la kila strimu na la koneksheni nzima. Baiti zilizofika zisiposomwa zinakaa zinahesabika kwenye yote mawili. Mtu kaweka strimu ya picha za dagaa kwenye chanja, upande wa pili hakuna anayesoma hizo picha, zinajaa dirisha la koneksheni nzima, na ombi dogo la bei la baiti 20 nalo linakwama ingawa strimu yake haina kosa. Kule kwenye boti, mzigo usio na mwenyewe umeziba mlango wa kutokea.

Logi zitakuambia, ila majina yanafanana soma taratibu: STREAM_DATA_BLOCKED ni strimu moja, DATA_BLOCKED ni koneksheni nzima, STREAMS_BLOCKED ni idadi ya strimu, hiyo ni dalili ya 4. Dawa ni kusoma, au kama huitaki data mwambie STOP_SENDING. Kuongeza dirisha iwe ndo hatua ya mwisho, na kwenye simu ya RAM ya GB 2 fikiria mara mbili.

Kama haijakwama ila inajikokota, angalia bafa za UDP za Linux. Waandishi wa quic-go wanashauri `net.core.rmem_max` na `net.core.wmem_max` ziwe 7500000. Kama seva ni ya ofisi na kuna mifumo mingine juu yake usiguse mwenyewe, mwite anayeisimamia.

Dalili ya 8: Ukitoka wifi kwenda bando inakata

QUIC inasifiwa kwamba inahama na wewe, kwa sababu inatambua koneksheni kwa namba yake, haitegemei anwani ya IP. Kweli, lakini sio bure. Mara nyingi ni laibrari ya simu haijaandikwa kuhama, ikipoteza wifi inafunga, soma maelezo yake kabla hujalaumu seva. Inayofuata ni seva yenye wafanyakazi wengi, yani nakala kadhaa za programu ileile: kernel (moyo wa Linux) inagawa paketi kwa kuangalia IP na mlango, IP ikibadilika paketi inaangukia kwa mfanyakazi mwingine asiyekujua. Kwenye nginx kuna `quic_bpf on;`, inahitaji Linux 5.7 kwenda juu. Kigawa mzigo kikiwa mbele ya seva tatizo ni lilelile kwa ukubwa zaidi, mpaka kiwe kinasoma namba ya koneksheni. Na ujue hili linaua hata zile koneksheni ambazo NAT ilibadilisha mlango, kwa hiyo kama ulitibu dalili ya 2 ikarudi, rudi uangalie hapa.

Nadra zaidi: seva imetangaza `disable_active_migration` (usihame), au simu imehama kabla salamu ya mwanzo haijathibitishwa, hiyo hairuhusiwi. Kwenye qlog tafuta PATH_CHALLENGE, fremu ya kupima njia mpya. Kama seva imetuma na PATH_RESPONSE hairudi, njia mpya haipitishi UDP.

Wa kule Kagunga mna la kwenu, simu ikiokota mnara wa ng'ambo Burundi IP inabadilika na salio linaondoka pia. Funga roming kwenye simu za kazi, hilo halina protokali.

Namba za makosa, haraka haraka

Kwanza angalia fremu ya kufunga ni aina 0x1c au 0x1d. 0x1c ni protokali yenyewe, 0x1d ni programu ya juu, na namba ileile ina maana tofauti. Kwenye 0x1c: 0x03 umezidisha dirisha, 0x04 umezidisha idadi ya strimu, 0x05 umefanya kitu strimu isichoruhusu mfano kuandika kwenye ya kusoma tu, 0x06 umebadilisha ukubwa wa mwisho baada ya kuutangaza, na kuanzia 0x100 mpaka 0x1ff ni TLS, mfano 0x12d cheti kimeisha muda. Lakini 0x100 ikija na 0x1d kwenye HTTP/3 maana yake hakuna kosa, watu wamefunga kwa amani tu, msinipigie.

Hapa acha, ita mtu

Ukiona 0x03 mpaka 0x06 au 0x0a (umevunja protokali) na wewe hukuandika laibrari, hilo ni kosa la ndani ya laibrari au toleo lisilopatana. Panda toleo jipya, likiendelea wapelekee waandishi qlog, usianze kufumua protokali kwenye seva inayofanya kazi.

Faili la funguo za TLS, lile linalotoka kwa SSLKEYLOGFILE, usilitume kwenye grupu la WhatsApp kuomba msaada. Lina uwezo wa kufungua mazungumzo yote uliyonasa, nywila za makarani zikiwemo. Kama umeshalituma, badilisha nywila leo.

Rauta au antena iko juu ya bati na mawingu yamefunga upande wa Kongo: shuka. Radi za huku mnazijua. Chomoa umeme, subiri ipite, na kama kuna waya wa umeme wa kuunga huko juu mwite fundi umeme.

Na kama ni kampuni ya simu, usipige kusema "intaneti haifanyi kazi", watakuambia zima washa. Waambie UDP mlango 443 kwenda IP fulani, ilianza saa ngapi, uko eneo gani, mtandao mwingine eneo hilohilo unapita, na uwe na tcpdump ya seva inayoonyesha paketi za huku zimefika na za kule hazijafika. Uliza moja kwa moja NAT yao inahifadhi UDP sekunde ngapi. Wa kwanza kupokea simu hatajua, omba upelekwe kwa watu wa mtandao, na andika namba ya malalamiko kabla hujakata.